Nilivyokuwa Mfasiri wa Kijapani Kule Karuba na Kibua

Nimestaafu tangu msimu wa maharage uliopita, na sababu ni macho. Daktari alisema yamechoka kwa kutazama televisheni. Nilipomwambia kwamba ilikuwa kazi, alicheka kwanza, ndipo akaandika dawa. Ninyi mnaoshika nyumba za jeu, yaani michezo ya video, leo, mkiwa na simu zinazotafsiri kila lugha ya duniani, msicheke naye. Nataka kuwaeleza jinsi tulivyoifanya kazi hii wakati wa vita. Mambo ya vyeo nayaacha, maana nilianza nikiwa mkuu wa nyumba ya jeu na nimemaliza nikiwa mkuu wa nyumba ya jeu, na chini yangu hakukuwa na mtu.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa darasa la nne Karuba, kijiji cha wafugaji upande wa Goma. Shule ilifungwa siku wakimbizi walipohamia madarasani na askari wakayageuza madawati kuwa kuni. Nilikaa nyumbani nikiwasahihishia majirani Kifaransa chao bila kuombwa, mpaka Papa Kambale aliponiita. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye duka la chumvi, sabuni na mabati. Alikuwa amerudi kutoka Goma na televisheni iliyofungwa ndani ya godoro, mashine ya jeu, na CD mbili ambazo alizichagua kwa uzuri wa picha za juu ya kasha.

“Mwalimu, weye unajuaka kusoma,” akaniambia. “Watu watakuwa wanacheza, weye unawasomea ile maandishi.”

CD ya kwanza ilikuwa ya Kizungu, imeandikwa Kifaransa, hiyo niliiweza. Nikageuza kasha la pili mbele na nyuma.

“Papa Kambale, hii siyo Kifaransa. Hii ni Kijapani.”

“Weye uko na diplome ao hauna?”

“Niko nayo.”

“Basi utazoea.”

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote upande wa lugha. Upande wa mashine nilipata mwalimu wa kweli, Papa Safari, fundi wa redio aliyekuwa na meza yake nyuma ya duka. Alinifundisha kufuta CD kutoka katikati kwenda nje kwa kipande cha kitenge kilichochakaa, wala si kuzungusha kama mtu anayeosha sahani. Mkwaruzo mdogo ulitibiwa kwa dawa ya meno, mashine ikikataa kusoma tuliilaza kwa ubavu, na betri ya lori iliyotulisha umeme wa jua ilifunikwa gunia ili mbuzi wasilambe. Kadi ndogo ya kuhifadhi mchezo hakuna kuigusa taa inapopepesa. “Ile kadi njo kichwa ya jeu,” alisema. “Ukiitoa vibaya, jeu inasahau hata jina ya mama yake.” Mlangoni tuliweka beseni la kunawia, kwa sababu maneti, yaani kile kidude cha kushika mkononi, hakipatani na mafuta ya ng'ombe. Beseni hilo liliporwa na vikundi vitatu tofauti vilivyokuja kutukomboa, na kila kimoja kilituahidi usalama wa watu na vyombo vyao.

Sasa niwaeleze hizo CD mbili, maana kazi yangu yote ilikuwa kati yao. Ile ya Kijapani ilikuwa na kijana mwenye nywele zilizosimama, kijiji chake kimechomwa, anaondoka na kaka yake mkubwa, mwenye kovu kwenye nyusi, kutafuta aliyekichoma. Njia ilikuwa moja. Ukitaka kupinda kushoto, uzio mdogo wa maua unakuzuia. Papa Safari alishangaa sana siku ya kwanza: kijana ana upanga wa kukata mlima, na maua yanamshinda. Ile ya Kizungu ilikuwa kinyume. Mle unaingia nyumba yoyote, unachukua hata kijiko cha mtu, unajiunga na upande wowote, na ukipewa kazi unaweza kuikataa. Mwanzoni wanakwambia dunia inakwisha, wahi haraka. Ukaenda kuchuma uyoga miezi miwili, ukarudi, dunia bado imesimama inakungoja ili ikwishe.

Kutafsiri Kijapani si kazi ngumu kama wasomi wanavyodai. Nilitazama nyuso, nikasikiliza muziki, nikasema. Pengine binti wa mfalme aliongea muda wa kuvuta sigara nzima, nami nikatafsiri, “Anasema hapana.” Pengine mzee alitamka neno moja tu, nami nikalieleza mpaka chai ikapoa. Mfalme nilimfanya mwami, chifu kama wa kwetu. Mchawi nilimpa tabia za karani mmoja wa ofisi ambaye sitamtaja, na kila alipotokea watu walimzomea kabla hajafanya kosa. Hakuna hata mtu mmoja Karuba aliyewahi kulalamika kwamba nimekosea Kijapani.

Kesi ngumu ya kwanza niliipata kwa Afande. Huyu alikuwa mkubwa wa kikundi kilichoshika kilima chetu wakati ule, siku ambazo kilima kilibadilisha wenyewe kabla mahindi hayajakauka. Alikuja na walinzi wake wawili, akachagua jeu ya Kizungu kwa sababu alisikia kwamba humo kila kitu kinaruhusiwa. Siku tatu akacheza bila kuniuliza lolote. Siku ya nne akaniita.

“Mwalimu, fundi wa mishale iko wapi?”

“Mulimuua, Afande. Juzi.”

“Na ule mama wa dawa?”

“Naye mulimuua. Alikawia kuwapisha mulango.”

“Na ule mupadri mwenye alinipatiaka kazi ya kutafuta taji?”

“Huyo njo mulianza naye.”

Alitembeza mtu wake mji mzima. Milango ilikuwa wazi, moto jikoni ulikuwa ukiwaka, vyungu vipo, hakuna wa kusalimia.

“Basi walete wengine,” akasema.

“Jeu hii hailetake wengine, Afande. Watu wenye walikuwa mule njo wale.”

“Sasa mimi nitaamuru nani?”

Afande akasema jeu imeharibika, na kwamba mimi ndiye mwenye kuitunza, kwa hiyo niitengeneze mpaka kesho au ataona la kufanya. Nilijua alichomfanyia mtunza kinu cha mahindi siku kinu kilipogoma. Papa Safari ndiye aliyeniokoa. Alimkaribia taratibu kama mtu anayemkaribia ng'ombe mwenye ndama.

“Afande, kuko jeu ingine. Mule hakuna mutu anakufa mbele ya saa yake. Hata ukitaka kumupiga, upanga haitoke.”

Afande hakuamini. Tukaweka CD ya Kijapani. Akamwendea mzee wa kijiji, akabonyeza kifungo cha kupigia, na badala ya upanga kukatoka maneno. Akabonyeza tena, yakatoka maneno yaleyale. Mara nne.

“Anasema nini?”

“Anasema karibu, Afande. Anasema umekonda, ulikuwa unakula wapi.”

Afande akaweka bunduki chini, akashika maneti kwa mikono miwili. Tangu siku ile hakuigusa tena ile ya Kizungu. Mzee akisema tupite msituni, anapita msituni. Mzee akisema turudi, tumesahau taa, anarudi. Sijawahi kumwona akimtii mtu namna ile. “Hapa kuko discipline,” aliwaambia walinzi wake, na wao walitazamana.

Wakulima na wafugaji waliokuja kucheza walikwenda upande mwingine. Kulikuwa na mfugaji mmoja ambaye ng'ombe wake walikuwa wameliwa na pande zote mbili za vita. Yeye aliitaka ile ya Kizungu, akapanda farasi, akaenda mpaka malishoni, akasimama. Hakupigana na mtu. Wamama walikuja wakatembea tu, bonde kwa bonde, bila kamba iliyokingamishwa barabarani na bila askari wa kuuliza umebeba nini. Nimesikia kwamba huko kwenye umeme wa uhakika watu wanabishana mpaka leo: Mjapani anakupa hadithi, Mzungu anakupa uhuru, kipi bora. Karuba ubishi huo haukuwa mrefu. Mwenye bunduki alikuja kutafuta hadithi, asiye nayo alikuja kutafuta uhuru, na Papa Kambale alitaka tu tufunge saa ya misa.

Kisha asubuhi moja milio ya risasi ilianza upande wa Mushaki, na kufikia saa nne tulikuwa juu ya lori. Televisheni ilirudi ndani ya godoro lake. Kadi niliificha ndani ya soksi. Tulikaa majuma machache Mubambiro, karibu na kambi ya askari, mpaka Papa Kambale alipoamua kuhamishia biashara Kibua, upande wa Walikale, na Papa Safari akafuatana nasi na meza yake ya redio. Tulipofika nikaitoa kadi kwenye soksi, Papa Safari akaijaribu, akainusa, akanitazama. Ilikuwa imeuawa na jasho la miguu yangu. Karuba tulikuwa tumefika nusu tu ya jeu ya Kijapani, na sasa ilibidi tuanze upya kwenye kadi nyingine. Mwisho wake sikuwa nimeuona hata siku moja.

Kibua kazi ya mfasiri ilinitoa jasho lingine. Watu wa pale wanalima na kuwinda, na wana masikio ya wawindaji: ukisema mnyama alipita kulia, kesho watakuuliza kwa nini leo unasema kushoto. Karuba niliweza kumfanya binti wa mwami awe na umri wa miaka kumi na minane Jumatatu na ishirini na tano Ijumaa. Kibua hapana. Ilibidi ninunue daftari na kuandika kila uongo wangu kwa tarehe, nani ni mjomba wa nani, nani aliapa nini. Nililisoma kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Sikuwahi kuandaa masomo ya darasa la nne kwa bidii ile.

Ndipo akaja Mama Faida. Alikuwa mkulima wa mihogo, mjane, na alianza kuja kuwauzia wachezaji ndizi za kuchoma. Kila mtu Kibua alijua habari yake. Mwanawe Justin, kijana mkubwa aliyekuwa karibu kuoa, alikamatwa njiani na watu wenye silaha ili abebe mizigo yao, na tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia hakuna aliyemwona. Mama Faida hakuizungumzia. Aliweka sinia lake karibu na mlango, akatazama kwa upande, kama mtu asiye na haja.

Siku ile Papa Safari ndiye alikuwa na maneti. Tulifika pale tulipokuwa tumeishia kule Karuba: ndugu wawili wanavuka daraja, daraja linakatika, kaka mkubwa anachukuliwa na maji. Mdogo analia, maandishi ya Kijapani yanapita. Mama Faida akauliza kutoka mlangoni, “Alikufa?”

Wenzangu, hapa ndipo nilipokosea, na nawaandikia hasa kwa ajili ya hapa. Jibu la haki lilikuwa “sijui.” Lakini aliuliza kwa sauti ambayo mtu haulizii kitu cha mchezo, na mimi nilikuwa nimezoea kuwa na jibu.

“Hapana, Mama,” nikasema. “Wanasema atarudi.”

Watu walipotoka, Papa Safari aliendelea kukunja waya wake bila kunitazama. “Mwalimu, ile maandishi ilisema vile?”

“Unajua sikuisoma.”

“Basi umeahidi kitu ya mutu mwingine. Jeu hii iko na njia moja. Kama hayuko kule mbele, utamutoa wapi?”

Kuanzia kesho yake Mama Faida alikuja kila siku, na sinia likahama kutoka mlangoni mpaka benchi la mbele. Mchezo ulipoisha aliinuka, akauliza, “Leo hakurudi?” Nikajibu bado. Ilikwenda hivyo mpaka mihogo iliyopandwa wakati ule ikaanza kupasua ardhi. Nilikuwa nafungua CD ile ya Kijapani kila siku bila kujua mwisho wake. Katika jeu ya Kizungu ningeweza kumpeleka kokote, nikamtafutia kaka yeyote kijijini. Katika hii hata uzio wa maua ulinishinda.

Nikajaribu ujanja. Nikamwambia, “Mama, tuweke ile ingine. Mule weye mwenyewe unaenda kumutafuta fasi unapenda.” Akakubali, akamwelekeza Papa Safari kwa kidole siku mbili nzima. Waliingia miji yote, wakauliza walinzi, wakauliza wauza samaki, wakafungua hata mapipa. Siku ya pili jioni aliomba wasimame.

“Humu naweza kuenda fasi yote,” akasema. “Lakini hakuna mutu mwenye kuniambia alimuona. Murudishe ile ya Japani. Kule bado wananingojesha, lakini wananingojesha kitu.”

Tukairudisha. Nikaacha kulala vizuri, na nikaanza kupanga namna ya kuiharibu CD. Nilikuwa na msumari tayari. Papa Safari aliuona, akauchukua, akautumia kutundikia saa.

Basi ikafika siku ya mwisho wa jeu, saa sita mchana, jua kali, betri imejaa. Habari ilikuwa imeenea, watu wakajaa mpaka dirishani. Kijana wa nywele akapanda ngazi za jumba jeusi na kumkuta yule aliyechoma kijiji, mtu wa chuma kutoka kichwani mpaka miguuni. Yule mtu akanyanyua mikono, akavua kofia ya chuma. Alikuwa ni kaka mkubwa, na kovu lake kwenye nyusi lilikuwa palepale.

Hakuna aliyegeuka kunitazama ili nitafsiri. Nilikuwa nimeahidi atarudi, na alikuwa amerudi. Mama Faida aliweka mkono kifuani. Kisha muziki ukabadilika, wale wawili wakasimama uso kwa uso, panga nje, na chini ya kioo kikatokea kile kisanduku cha kuchagua pigo. Papa Safari akainua kidole gumba.

“Papa Safari,” Mama Faida akasema. “Usimupige.”

“Mama, jeu haina njia ingine.”

“Kukimbia?”

Alijaribu. Mashine ikakataa kwa mlio mdogo.

“Kumusemesha?”

“Haiko, Mama. Kuko kupiga, kuko dawa ya kujiponya, na tukikunywa dawa yeye njo atatupiga.”

“Na kama hatufanye kitu?”

Sisi sote tuliocheza ile jeu tulilijua jibu, lakini hakuna aliyewahi kulifikiria. Katika ile ya Kizungu adui hangoji, ukizubaa amekukata. Mjapani anapigana kwa zamu, mmoja anapiga, mwingine anapiga, na zamu hii ilikuwa yetu.

“Kama hatufanye kitu,” Papa Safari akasema polepole, “anangoja.”

“Mupaka saa ngapi?”

“Mupaka sisi tuguse.”

Mama Faida akajifuta mikono kwenye kitenge, akainyoosha. Papa Safari akampa maneti. Hakuwahi kuishika. Aliilaza mapajani, vidole vyake mbali na vifungo vyote, akatazama. Kaka mkubwa alisimama pale na upanga wake, nywele zikipeperuka, kifua kikipanda na kushuka. Vijana wachache walianza kunung'unika, wamengoja mwisho huu tangu masika. Mwindaji mmoja mzee akawaambia watoke nje wakanung'unikie huko, na wakatoka. Wengine walikaa. Papa Kambale alikuja kuona kwa nini hakuna kelele, akasimama mlangoni, akavua kofia, akarudi dukani.

Betri ilizima karibu na saa kumi. Kesho yake Mama Faida alirudi. Papa Safari alimpandisha kijana ngazi zile tena, akavusha maneno yote, akampa mama maneti, na yule mtu wa chuma akasimama kama jana. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Miaka yote ile sikuwahi kumwacha mtu kwenye kioo asimame bila kumpa la kusema, na nilimhurumia yule mama kiasi kwamba maneno yalikuja yenyewe.

“Mama,” nikaanza, “anasema kwamba—”

Akainua mkono, bila kuondoa macho.

“Wacha, Papa Mwalimu. Usimusemeshe. Anapumua, ninamuona.”